Kuweka Python kwenye Windows: usikipite kile kiboksi cha chini

Jumamosi nilikuwa Uyole kwa mdogo wangu. Alishaiweka Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) mara tatu na kuifuta mara tatu, akaamini kompyuta yake ni mbovu. Kompyuta ilikuwa nzima. Kilichomsumbua kiliwahi kunilia na mimi usiku mzima, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Pakua. Ingia python.org, chukua faili la Windows la 64-bit, toleo la 3.13. Halifiki MB 30. Ukishalipata, liweke kwenye flashi uwagawie wenzako, wasimalize bando kwa faili lile lile. Kama kompyuta ni ya mtumba na bado ina Windows 7, chukua 3.8; matoleo ya baada ya hapo hayaikubali.

Hatua ya 2: Sakinisha. Hapa nenda taratibu. Dirisha likifunguka, jicho linakimbilia Install Now. Usibofye bado. Tazama chini kabisa: kuna kiboksi kimeandikwa Add python.exe to PATH, nacho huja kitupu. Kiwekee tiki kwanza. PATH ni orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu unapoitaja kwa jina. Python isipokuwemo, ipo kwenye diski lakini ukiiita haiitiki.

Umeshapitiliza? Usifute kitu. Fungua tena faili lile lile, chagua Modify, kisha Next, weka tiki kwenye Add Python to environment variables, umalizie. Halafu funga dirisha la CMD (lile jeusi la kuandikia amri; tafuta cmd kwenye Start) ufungue jipya, kwa sababu lililokuwa wazi linashikilia orodha ya zamani. Mimi nilipotezea saa nyingi hapo: nilikuwa nimesharekebisha, ila dirisha sikulifunga.

Ukiandika `python` na bado linafunguka duka la Microsoft, hiyo ni njia ya mkato ya Windows yenyewe. Kwenye Start tafuta Manage app execution aliases, uzime python.exe na python3.exe.

Hatua ya 3: Hakikisha. Kwenye CMD andika `python --version`. Ikitokea namba ya toleo, tayari.

Hatua ya 4: Andika kitu. Fungua IDLE, programu ya kuandikia na kuendesha Python; imekuja humo humo. VS Code, programu nyingine ya kazi hiyo, ni nzuri, lakini siku ya kwanza inamjazia mgeni vitufe asivyovihitaji, na mimi simpi mtu kabla ya wiki mbili. Mama yetu anauza viazi, kwa hiyo tulianza na hivi:

```
bei = 15000
ndoo = 4
print(bei * ndoo)
```

Usiandike 15,000 kwa koma. Python itaona namba mbili, 15 na 0, na jibu litakuwa mlolongo wa 15 na 0 zinazojirudia.

Ilipotokea 60000, mdogo wangu alimwita mama kutoka jikoni. Mama akaangalia, akasema, "Weka ndoo saba."