Kabla hujaambiwa "ni mawazo tu": namna ya kujieleza kwa daktari

Mwanamke akifika zahanati moyo unamwenda mbio, ni rahisi aambiwe ana mawazo. Mwanaume mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni kali, akitaja tumbo na kiuno, hupimwa malaria, akaondoka na dawa ya vidonda vya tumbo. Wote wamekosewa, kila mmoja kwa upande wake. Foleni ikiwa ndefu daktari huamua kwa dakika chache, kwa hiyo kazi kubwa ifanyike nyumbani.

Andika kwenye daftari kwa wiki 2: saa ulizolala, milo, siku ulizoshindwa kazi, chupa za pombe. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, aandike hasa usingizi wa siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu. Asipofanya hivyo, lawama yote itaangukia kazi ya usiku.

Mama, usifungue mazungumzo kwa neno "mawazo". Likishatamkwa, mengine hayasikiki. Anza na tarehe na kilichokushinda: "Tangu mwezi wa tatu siwezi kubeba ndoo bila kupumzika." Omba wingi wa damu upimwe, na uulizie tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi iliyozidi kasi huupeleka moyo mbio vilevile kama hofu. Daktari akishikilia kuwa ni mawazo, muulize kwa adabu ni ugonjwa gani mwingine ameuondoa, na kwa kipimo kipi.

Mwanaume ataje hasira na pombe hata asipoulizwa. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, uchunguzi wa kina unahitajika. Linauliza huzuni, hamu, usingizi. Hasira na pombe halina, ndiyo maana mtu anayegombana na nyumba nzima anaweza kutoka na alama ndogo.

Aliyejifungua asingoje kuulizwa: kliniki mizani ni ya mtoto. Huzuni ikipita wiki 2, aiseme. Mume au mama mkwe akijibu badala yake, aombe dakika chache peke yake na nesi.

Ukiwaza kujiua, usisubiri daftari. Nenda siku hiyohiyo, hospitali ya Maweni kwa aliye Kigoma, au kituo cha karibu, na hilo liwe sentensi ya kwanza. Ndugu wasikuache peke yako, na dawa za shambani zihamie kwa jirani.