Bogenvilia yako haichanui? Punguza maji

Bogenvilia ikiwa na majani tele lakini haina ua hata moja, mara nyingi tatizo si udongo mbaya. Inadekezwa! Mmea huu umezoea ukame. Ukiumwagilia kila siku unanenepesha majani tu, na mizizi ikilowa muda mrefu huoza.

Mche mchanga unahitaji maji ya mara kwa mara miezi ya mwanzo hadi ushike. Baada ya hapo, chomeka kidole kwenye udongo: kama sentimita 5 za juu bado zina unyevu, acha. Ukikauka, mwagilia hadi maji yafike chini, kisha usubiri tena. Majani yakilegea kidogo, usiwe na wasiwasi, ndipo mmea unapojiandaa kuchanua. Samadi pia isizidi, kwa sababu naitrojeni nyingi huleta majani.

Jua ni lazima, angalau saa 6 kwa siku. Kivulini hata ufanye nini utaambulia miiba.

Maua hutoka kwenye matawi machanga, kwa hiyo pogoa mara tu msimu wa maua unapoisha. Vaa glavu nene. Na ukihamisha mche, usitikise udongo wa mizizini, maana mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi. Mimi huchana mfuko na kuushusha mche mzimamzima shimoni.

Zile rangi unazozipenda, kumbe, ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati.