Kuchanganya aina mbili za nyanya nyumbani, na kugawana mbegu za wajukuu wao

Juni mwaka jana mzee mmoja jirani yangu, ambaye mtaa mzima hapa Morogoro tunamwita Babu, alinikuta nimepiga magoti mbele ya ndoo ya nyanya, mkononi nina kibano cha nyusi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Hilo ua limekukosea nini?"

Nikamwonyesha: nilikuwa nachavusha nyanya kwa mkono, ili aina mbili zizae aina moja mpya. Baada ya siku tatu alirudi na kibano chake, na tangu hapo tumefanya kazi hii pamoja. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwonyesha, pamoja na kosa lililonipotezea miezi sita mwaka juzi, kabla hajaja, ili lisikule na wewe.

Nilichokuwa nakitafuta ni hiki: nyanya fupi ya kukaa kwenye ndoo ya lita 20 bila kusimikiwa miti, inayozaa vinyanya vidogo vya njano vitamu. Madukani sikuiona. Nilichokuwa nacho ni Cal J, ambayo ni fupi, nyekundu, ngumu na inavumilia safari, na kinyanya cha njano nilichonunua sokoni nikatunza mbegu zake. Hicho kinarefuka mpaka kinaivuka paa la banda la kuku.

Hatua ya 1: Chagua wazazi, na umpange vizuri mama

Usianze na mbegu chotara za dukani, zile zenye alama ya F1. Hizo tayari ni mchanganyiko wa wengine, na watoto wake watatawanyika kabla hujajua nini kimetoka wapi. Anza na mbegu zinazorudia sura yake kila mwaka: Cal J, Tanya, Moneymaker, Tengeru 97, au ya kienyeji uliyoipanda misimu kadhaa ukaiona haibadiliki.

Mama, yaani mche utakaobeba tunda (baba ni wa kutoa chavua), awe ndiye mwenye tabia inayojificha: ile isiyoonekana kwa mtoto mpaka airithi kwa wazazi wote wawili. Kwenye nyanya, urefu hutawala na ufupi hujificha. Wekundu hutawala na unjano hujificha. Mama yangu ni Cal J fupi, baba ni kinyanya kirefu. Mtoto halali wa wawili hawa lazima arefuke. Akitoka mfupi, ujue mama alijichavusha mwenyewe na baba hakuhusika. Mpangilio huu ndio utakaokuambia ukweli kwenye hatua ya 5, kwa hiyo usiugeuze.

Hatua ya 2: Otesha wazazi

Kitalu, kuhamisha, mbolea, kumwagilia: unavyofanya siku zote. Angalia tu wachanue wakati mmoja. Mimi natanguliza baba kwa wiki mbili.

Hatua ya 3: Kuhasi ua

Kuhasi ni kuliondolea ua dume lake lisijichavushe. Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nisome taratibu.

Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake. Machavulio, ndiyo dume lenye chavua, yameungana yakafanya kama kibweta cha njano kilichochongoka, na jike limesimama katikati ya kibweta hicho. Chavua humwagika kwa ndani, juu ya jike lenyewe. Ndiyo maana nyanya hujizalisha bila kumsubiri nyuki, na ndiyo maana ukichelewa kidogo tu huna unachokifanya.

Mwaka juzi, Januari, nilihasi maua 43. Nilichagua yaliyochanua vizuri, ya njano iliyokolea, kwa sababu ndiyo yanayoonekana na kushikika. Maua 37 yalipukutika. Matunda sita yakaiva, nikayatunza kama mayai, nikaotesha miche 24. Yote ikatoka mifupi. Hakukuwa na chotara hata mmoja. Maua yale yalikuwa yamekwisha kujichavusha kabla sijayagusa, na yaliyopukutika yaliuawa na joto la Januari.

Ua unalolitaka ni la siku moja kabla ya kuchanua. Vijani vya kijani vya nje vimeanza kuachana. Petali zimechungulia lakini bado zimefumba, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, bado haijawa njano kamili. Ukilifungua, kibweta cha ndani kiwe na ukijani kwa mbali. Ukikuta njano inayong'aa, litupe, hata kama ni la mwisho kwenye mche. Ukianza kulionea huruma ua moja utapoteza msimu.

Liache pia lile ua la kwanza nene lenye petali nyingi, linaloonekana kama mawili yaliyogandana. Tunda lake huwa na makunyanzi na mbegu hazieleweki. Kwenye kila kichala bakiza maua mawili au matatu ya umri unaofaa, mengine yote kata, yaliyochanua na machanga.

Sasa kibano. Kiwe chembamba, chenye ncha. Watu wengine hutumia wembe. Mimi siukubali, kwa sababu hujui umekata nini mpaka ua limekauka. Shika ua kwa nyuma kati ya vidole viwili. Ingiza ncha ubavuni mwa kibweta, katikati yake. Usiingilie juu, maana juu ndipo kilipo kichwa cha jike. Pasua, kisha vuta kuelekea nje. Kibweta hutoka vipande viwili vitatu pamoja na petali zake. Kinachobaki ni kitu kidogo sana: kitufe cha kijani cha ukubwa wa punje ya ulezi, juu yake uzi mwembamba, na kwenye ncha ya uzi kichwa chenye unyevunyevu. Hicho usikiguse. Kama umekwaruza kitufe au umekunja uzi, kata ua lote uende kwenye jingine. Kagua mara mbili kwamba hakuna kipande cha chavulio kilichobaki kwenye kitako.

Kisha kata vijani viwili kati ya vile vitano vya nje vya kijani. Ni kitu kidogo lakini mimi siachi kukifanya. Uzi wa rangi unaofunga kwenye kikonyo unaweza kukatika au kupeperuka, lakini tunda lililokatwa vijani litaiva na kofia pungufu na utalitambua hata likiwa limeanguka chini.

Kuhusu wakati: hasi jioni jua likipoa, chavusha kesho yake asubuhi kati ya saa mbili na saa nne. Na uifanye kazi hii wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Mchana ukizidi nyuzijoto 32 na usiku nao usipopoa, maua hupukutika hata kama mkono wako ni wa fundi. Walioko Lushoto au Mgeta wana nafasi kubwa kuliko sisi wa bondeni.

Futa kibano kwa spiriti kila unapohama mche. Anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe kwa sabuni kwanza. Virusi vya batobato ya tumbaku hupita mikononi na aina nyingi za nyanya hazivihimili.

Hatua ya 4: Chavusha

Asubuhi chuma maua ya baba yaliyochanua kabisa, toa vibweta vyake, vitandaze kwenye karatasi ndani ya nyumba pasipo na upepo. Kesho yake vitie kwenye kichupa kikavu cha dawa chenye kifuniko cheusi, tikisa, gongagonga. Kwenye kifuniko utaona vumbi la rangi ya maziwa. Hiyo ndiyo chavua, na juu ya weusi inaonekana hata ikiwa kidogo.

Inamisha kile kichwa cha jike kwenye vumbi mpaka kigeuke cheupe. Rudia kesho yake. Brashi ya rangi siitaki: inameza chavua, na ukiwa na baba wawili inawachanganya. Funika kwa kile kifuko cha wavu kinachogawiwa pipi harusini. Mfuko wa nailoni hutoa jasho na kuozesha.

Baada ya siku tano tazama kile kiungo kilichovimba katikati ya kikonyo cha ua. Kikiwa kijani na kitufe kimeanza kunenepa, umefaulu. Kikiwa njano, ua litaanguka pale pale kwenye kiungo.

Hatua ya 5: Mbegu za kwanza, na kumpima mtoto

Tunda huiva kwa wiki sita hadi nane. Kamulia mbegu na maji yake kwenye glasi, acha zichachuke. Kwa joto la Morogoro siku mbili zinatosha. Ukizidisha zinaanza kuota humo humo. Zisuuze, zianike kwenye sahani kivulini. Kwenye karatasi zitagandia.

Tunda langu la kwanza la kofia pungufu lilitoa mbegu 34. Otesha tano au sita tu, zilizobaki weka akiba. Watoto wakirefuka wote, wenye majani matatu kati ya kichala na kichala, umepata chotara wako. Wakikoma kwa kichala kileleni kama Cal J, rudi hatua ya 3.

Matunda yao yatakuwa mekundu na madogo kuliko unavyotarajia. Cal J yangu ilikuwa na gramu 70 hivi, kinyanya gramu 8, na mtoto akatoa gramu 22. Udogo una nguvu kwenye nyanya. Usikate tamaa kwa kuona wekundu na urefu. Unjano na ufupi vimo ndani vimejificha. Tunza mbegu za matunda haya, kwani ndizo zitakazozaa wajukuu.

Hatua ya 6: Wajukuu ni wengi kuliko uwani kwako

Kwenye kizazi cha pili kila tabia inayojificha hujitokeza kwa mche mmoja kati ya minne. Mfupi ni mmoja kwa wanne, wa njano ni mmoja kwa wanne, kwa hiyo mfupi wa njano ni mmoja kati ya 16. Lakini kupanda 16 hakukuhakikishii kitu. Unaweza kumkosa kabisa. Ili uwe na uhakika wa mara 95 kati ya 100 unahitaji miche 47. Ukiongeza tabia ya tatu inayojificha, unahitaji karibu 190.

Uwani kwangu zinaenea ndoo 12.

Ndiyo maana kwangu kugawana mbegu ni sehemu ya kazi yenyewe, na siyo zawadi ya baada ya kazi. Mwaka 2005 Craig LeHoullier wa Marekani na Patrina Nuske Small wa Australia walianza kutafuta nyanya mbilikimo za kwenye vyungu kwa njia hii hii: watu wa kujitolea, kila mmoja na miche yake michache. Kwa kuwa kiangazi cha kwao hupokezana, walipata vizazi viwili kwa mwaka. Zimeshatoka aina zaidi ya 100, kutoka kwenye bustani za nyumbani.

Sisi tulikuwa watano: mimi, Babu, dada wawili wa Mzumbe na mwalimu mmoja wa Mgeta. Kila mmoja alipokea mbegu 12 na karatasi. Kati ya miche 60, kinyausi (ugonjwa unaoozesha miche michanga) na kantangaze (kiwavi wa nondo anayeshambulia nyanya) walichukua tisa. Iliyobaki 51 ilitupatia minne mifupi ya njano. Kwangu haukutoka hata mmoja! Mgeta ilitoka miwili, Mzumbe mmoja, kwa Babu mmoja, na huo wa Babu ndio mtamu kuliko yote.

Kwa hiyo mkubaliane kabla ya kugawana:

Usitoe mbegu zote. Nusu ibaki kwako. Kila mche uwe na namba na bahasha yake, na mbegu za miche miwili zisichanganywe hata zikifanana. Andika kwa penseli, maana wino huchujuka unyevu ukiingia: mama kwanza, baba, kizazi, namba ya mche, mwezi, nani kapanda. Kila mtu arudishe taarifa ya miche yote, hata iliyokufa na mibaya. Dada mmoja aliona aibu kuniambia minne imeoza. Bila hesabu yake nisingejua kama uwiano unakwenda sawa. Hifadhi bahasha kwenye chupa yenye mchele uliokaangwa mkavu chini yake, mbegu zitakaa miaka minne bila shida.

Na tunagawana bure. Mbegu ya kuuza Tanzania lazima ipite TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kuivusha mpakani kunahitaji cheti cha afya ya mimea.

Hatua ya 7: Kutuliza

Ufupi na unjano ukishaviona vimetulia, havitageuka. Utamu, ukubwa na ugumu wa ganda bado vinayumba. Kila kizazi nyanya ikijichavusha, tofauti iliyofichika hupungua kwa nusu, na kizazi cha sita zinabaki kama sehemu tatu kwa 100. Kwa vizazi viwili kwa mwaka, ni miaka miwili zaidi ya kupanda miche sita ya kila bahasha, kuonja, na kubakiza mmoja.

Mbegu za ule mche wa Babu, namba 31, zimeshaingia kitaluni kwa watu wote watano. Yeye mwenyewe kapanda nane kwenye viroba, na kila kiroba amekichomekea kijiti chenye namba kwa mkono wake.