Unatoka Dar kwenda Njombe mwezi wa saba? Sweta isikae kwenye buti
Nyie mnaopanda basi Mbezi alfajiri na tisheti na kandambili, joto la Dar linawadanganya. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi yake si ya mchezo. Ukipanda hadi Kitulo, asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya majani.

Mara ya kwanza sweta niliiweka kwenye begi, begi likaingia buti. Kuanzia Makambako nilitetemeka mpaka stendi, kondakta ananicheka. Siku hizi nina kibegi cha mkononi: sweta, soksi nzito, kofia ya sufu inayofunika masikio.

Usitegemee koti moja kubwa. Vaa nguo nyembamba tatu, moja juu ya nyingine. Hewa inayonaswa katikati ndiyo inayotunza joto, na jua la mchana likitoka unapunguza moja moja. Ya ndani ikilowa jasho, badilisha. Kiatu kisibane: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinazuia damu, vidole vinakufa ganzi.

Majaketi pitieni mitumba ya Karume kabla ya safari. Jaketi zito pale halina wagombea wengi, nani alivae Dar?