Ganzi inaziba mlango gani? Chaneli za ioni, hatua kwa hatua

Mvuvi mmoja wa Shela alinijia na ndoana iliyozama kwenye kidole gumba, kumebaki kijicho cha kufungia mshipi tu. Nilimdunga ganzi, tukangoja dakika 5. "Mwanangu, nasikia wanigusa, lakini uchungu siusikii. Umenifanya nini?" Wanafunzi wangu wa utabibu huuliza lilo hilo, kwa hiyo nimelipanga.

Hatua ya 1: utando. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, unene wa nanomita 5 hivi. Ioni, yaani chembe za chumvi kama sodiamu na potasiamu, zina chaji ya umeme, na chaji haipenyi mafuta. Pasipo mlango, hazipiti. Mlango huo ndio chaneli.

Hatua ya 2: hesabu chumvi. Nje ya neva, yaani mshipa wa fahamu, sodiamu ni kama milimoli 145 kwa lita, ndani 12 tu. Potasiamu ni kinyume: 140 ndani, 4 nje. Pampu iliyo kwenye utando ndiyo inayotunza tofauti hiyo, ikitoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Pampu hula nishati. Chaneli hufunguka tu, ioni zikaingia zenyewe, kama bamvua likijaa mikokoni.

Hatua ya 3: fungua. Neva iliyotulia ina milivolti −70 hivi kwa ndani. Ndoana ikichoma, volti hupanda. Ikifika karibu −55, chaneli za sodiamu hufunguka, sodiamu ikaingia kwa kasi: huo ndio ujumbe wa uchungu. Milisekunde moja au mbili baadaye kizibo cha ndani huzifunga, potasiamu ikatoka kwa chaneli zake, neva ikatulia.

Hatua ya 4: dunga. Lignokeini, dawa ya ganzi, ikiwa haina chaji hupenya mafuta, ikifika ndani hushika protoni ikapata chaji, kisha huziba chaneli ya sodiamu kutoka ndani. Kwenye jipu kuna asidi: dawa hupata chaji mapema, nyingi ikakwama nje, ganzi isishike. Zamani nilidhani chupa imeharibika! Dunga pembeni, kwenye nyama nzima, wala usizidishe dozi.

Na yule mzee? Neva za uchungu ni nyembamba, huzibwa upesi. Zile nene za mguso hukawia. Nilipomweleza akasema, "Basi ni kama bunju." Naam, sumu ya samaki huyo huziba chaneli hizo hizo, ila kwa nje, na hufika mpaka misuli ya kupumulia. Haina dawa ya kuitangua. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka imtoke.

Nikaisukuma ndoana mbele hadi ncha ikatokeza, nikaikata kwa koleo, nikairudisha ilikotoka. Mwenyewe anatazama.