Wikendi yako ya kwanza ya mashindano ya 4x4 porini

Gari utakaloshindania Jumamosi ndilo litakalokupeleka kazini Jumatatu. Mara yangu ya kwanza nililisahau hilo, nikarudi Lubumbashi nimefungwa nyuma ya lori la makala. Somo hili ni la mwenye 4x4 ya kawaida anayetaka kujaribu kiangazi hiki, kabla ya mvua.

1. Uelewe mchezo. Si mbio. Kwa kawaida njia hugawanywa vipande vifupi, na kila kipande kina milango ya vijiti viwili viwili yenye namba. Unapita wa kwanza, wa pili, hadi ukwame. Kugusa kijiti kuna adhabu, kurudi nyuma pia, na kila waandaaji wana hesabu yao. Usikose kikao cha asubuhi.

2. Ijumaa jioni, gari. Mikanda, breki, kizimamoto, betri iliyofungwa isiyotikisika, na ndoano za kuvutia mbele na nyuma zilizoshikwa kwenye chesisi. Ile tufe ya kuvutia trela si ndoano ya kukwamulia. Tufe hiyo ikikatika mkanda wa kuvutia ukiwa umekazwa, inaruka kama risasi, na imeshaua watu. Kisha toa kila kitu kilicholegea ndani. Kriki (jeki) iliyosahauliwa chini ya kiti ilinipiga kisigino, nikakanyaga mafuta badala ya breki.

3. Upepo wa matairi. Hapa ndipo wageni wengi wanaposhindwa, na hakuna gharama yoyote. Wanakuja na bari 2.4 za lami, wanateleza kwenye kilima kidogo, halafu wanalaumu injini. Tairi likipunguzwa upepo hutanuka na kurefuka chini, likashika ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Kwenye vumbi laini mimi hushuka hadi 1.4. Chini ya 1.0 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona.

Lakini huku kwetu usishuke kiholela. Miti imekatwa kwa ajili ya makala, na visiki vya urefu wa goti vimejificha kwenye majani. Tairi lililolegea hutokeza ubavu nje, na ubavu ukichanwa fundi wa pancha hana la kukusaidia. Penye visiki nabaki 1.7 au 1.8. Na uwe na pampu yako: kurudi mjini kwa kasi na matairi malegevu huyachemsha hadi yapasuke.

4. Tembea kwanza. Wakikuruhusu, pita kipande chote kwa miguu pamoja na kopiloti wako, yule anayekaa kando yako kukuongoza. Piga teke kila kichuguu: cha zamani ni kigumu kama zege, hata kama kimeota nyasi na kuonekana laini. Angalia gurudumu la nyuma litapita wapi, maana kwenye kona hukata ndani zaidi kuliko la mbele. Vijiti vingi huangushwa na la nyuma, dereva akiwa ameshaanza kushangilia.

5. Ndani ya gari. Gia nzito, 4L, ya kwanza au ya pili. Vidole gumba viweke juu ya usukani, visizungushwe ndani yake: gurudumu likigonga kisiki, usukani huzunguka ghafla na kukivunja kidole. Kuteremka, iache injini ishike gari, miguu mbali na klachi. Kilima kikikushinda, usijaribu kugeuza, gari litabiringika. Weka rivasi, shuka moja kwa moja kwa njia uliyopandia.

Kila baada ya kipande, chungulia chini. Nyasi kavu hujisokota kwenye bomba la moshi. Mwaka juzi kopiloti wangu alisikia harufu kama ya mtu anayechoma shamba. Tulipoinama, kifundo cha nyasi ukubwa wa ngumi kilikuwa kinafuka. Tulikitoa kwa bisibisi na chupa mbili za maji ya kunywa.

Maswali yenu

*Yaya, gari langu lina usukani kulia. Nitakataliwa?* (Kampemba)
Hapana, mdogo wangu, nusu ya magari yetu yamekuja hivyo. Ila kona ya kushoto huioni. Weka vijiti viwili uwanjani kwako, pita katikati mara ishirini, hadi ujue bodi lako linaishia wapi.

*Winchi, ile mashine ya kujivuta kwa kamba, ni lazima?* (Kipushi)
Wanaoanza kwa kawaida hawadaiwi. Lete mkanda wa kuvutia, shakeli mbili nzima (pingu za chuma za kuunganishia mkanda) na koleo. Ukiwa na winchi ya kamba ya chuma, tandika blanketi zito juu ya kamba, na mtu yeyote asiivuke ikiwa imekazwa.

*Papa, mume wangu anasema niwe kopiloti, mimi nataka kuendesha.* (Katuba)
Mama, badilishaneni: Jumamosi yeye, Jumapili wewe, kama kanuni za siku hiyo zinaruhusu. Nimeona wanawake wakiwapita waume zao kwenye gari lilelile, kwa sababu hawana haraka na mafuta.

*Kwa nini tusifanye Januari, kwenye tope lenyewe?* (Ruashi)
Nimejaribu. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni: hujaza meno ya tairi, na baada ya mita kumi una magurudumu manne laini kama chungu. Kufurahi utafurahi. Ila magari yanateleza kuelekea watazamaji, na mimi sitaki kusimama pale.

*Tulale wapi Jumamosi, na tubebe nini?* (Kenya, komini ya hapa Lubumbashi)
Hema, porini palepale. Na blanketi nzito, ndugu yangu, si shuka. Usiku wa Julai huku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi ile utahitaji vidole vinavyokunjuka ili upime upepo wa matairi.