Bar 50 hazitoshi: jinsi ya kupanga hewa kabla ya kupiga mbizi

Kwenye boti nyingi za wazamiaji, iwe ni Mnemba au Misali, visiwa vya Zanzibar, maelezo huishia kwa agizo lilelile: "Geji ikifika 50, niambie tupande." Geji ni saa inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, na inasoma kwa bar, kipimo cha shinikizo. Kwa mita 10, sawa. Kwenye ukuta wa mwamba, kina cha mita 24, mwenzako akiishiwa na mkabaki wawili kwenye mtungi mmoja, hizo 50 haziwafikishi juu salama. Hesabu yake naionyesha hapa chini, kwa mtungi wa alumini tuliouzoea, wa lita 11 na bar 200. Mwongozo huu ni wa mwenye cheti tayari. Asiye nacho aanze na kozi.

Hatua ya 1: Jua unavyokula hewa

Kaa mita 10 kwa dakika 10, ukiogelea taratibu kama kawaida yako. Soma geji mwanzo na mwisho. Tuseme zimeshuka bar 40. Zidisha kwa lita 11, unapata lita 440. Kwa dakika moja ni 44. Mita 10 shinikizo ni bar 2, kwa hiyo gawanya kwa 2: unakula lita 22 kwa dakika ukiwa juu ya maji. Namba hiyo iandike. Mtu akikuambia "mimi huwa nakaa dakika 50", hajakuambia kitu mpaka akutajie kina na mtungi.

Hatua ya 2: Ipeleke kwenye kina

Kila mita 10 huongeza bar 1 juu ya ile ya hewa ya kawaida. Mita 24 ni bar 3.4. Mara 22, ni kama lita 75 kwa dakika, yaani karibu bar 7 za mtungi wako kila dakika.

Hatua ya 3: Tenga akiba ya watu wawili

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Chukulia mwenzako ameishiwa hewa huko chini kabisa. Nyote mna hofu, kila mmoja anavuta lita 30, jumla 60 kwa dakika.

- Dakika 1 ya kushikana na kutulia, mita 24: 60 × 3.4 = lita 204.
- Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kama dakika 2.1, wastani wa bar 2.45: lita 309.
- Kusimama dakika 3 kwenye mita 5: 60 × 1.5 × 3 = lita 270.
- Dakika 1 ya kumalizia hadi juu: lita 75.

Jumla lita 858. Gawanya kwa 11: bar 78. Sema 80. Bar 50 ni lita 550 tu. Ikifika 80 mkiwa bado mita 24, mnapanda, hata kama kasa ndiyo kwanza anatokea.

Hatua ya 4: Gawa iliyobaki

200 toa 80 ni 120. Mkienda na mkondo na boti inawafuata, mnaweza kuitumia yote, kama dakika 17 kwenye kina hicho. Mkitakiwa kurudi kwenye kamba ya boya, ni nusu: geji ikisoma 140, geukeni. Anayekula zaidi ndiye anayeamua. Kompyuta ya mkononi ya mzamiaji ikiwaambia muda wa kukaa chini umeisha kabla ya hewa, ifuateni kompyuta.

Tumia namba ya geji ya asubuhi hiyo. Mtungi uliotoka kwenye kompresa ukiwa wa moto unaweza kusoma 200, ukipoa ukabaki 186. Kisha vuta pumzi nne kwenye regyuleta, kile kifaa cha mdomoni, huku macho yako kwenye geji. Mshale ukicheza kila unapovuta, vali haijafunguliwa yote, usiruke.

Na naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni? Yenye oksijeni asilimia 32 inakuongezea muda kabla ya naitrojeni kukubana, lakini hewa inaliwa vilevile, na usivuke nayo mita 33.

Hatua ya 5: Uliza bahari

Waulize wavuvi mwezi uko wapi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Pemba hupanda na kushuka kama mita 4, na mkondo kwenye mikato ya miamba unaweza kukufanya ule hewa nyingi zaidi. Hapo lita 22 zako hazina kazi. Panga kwa 30. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, ni nafuu. Vyovyote vile, ingieni maji yanaposimama.

Jambo la mwisho ni tiketi. Baada ya mbizi zaidi ya moja, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Ukitoka majini saa nane mchana, ndege ya kwenda Dar ya saa moja asubuhi kesho yake si yako. Chukua ya baadaye, au panda boti.